Tanga unalijua, nanga ndiyo itakayokutoa jasho

SWALI: Assalaam aleikum, nahodha. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mwaka wa saba huu niko Muscat kwenye kazi ya hoteli. Meneja wangu wa zamani, Mjerumani aliyestaafu, ana yoti ya matanga ya futi 42 huko Göcek, Uturuki. Amenialika mwezi wa Septemba niwe mmoja wa mabaharia wake kwa wiki mbili, kutoka Göcek hadi Finike. Tutakuwa watu watano. Nauli ya ndege ni juu yangu, chakula tunachanga. Nimekulia kwenye mashua ya babu, lakini yoti sijawahi hata kuikanyaga. Ujuzi wangu utafaa au nitaaibika? Anasema tukipata nafasi tutavuka tukale samaki kisiwa cha Meis. Nibebe nini? Na kikoi je, au nitaonekana mshamba?

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Nenda. Nimefanya kazi pwani ile misimu tisa, minne ya mwanzo nikiwa baharia wa kuamriwa, na sijaona mtu aliyelelewa na mashua akashindwa kuijifunza yoti ndani ya siku tatu. Nimewaona waliojikwaa siku ya kwanza, na karibu wote walijikwaa kwa sababu walikuwa wanajua sana. Kwa hiyo nitaanza na yale unayoyajua, maana ndiyo yatakayokuponza.

Upepo unaujua kwa shavu na kwa kisogo. Hilo ni jambo kubwa. Wenzako wanne huenda watakuwa wanautafuta kwenye kioo cha kipimo wakati wewe umeshageuza uso. Unajua joshi, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakokwenda, bila kufikiri, unajua kutembea juu ya chombo kinachokwenda mrama, na unajua kuogelea. Shika hayo. Sasa sikia mambo matatu ambayo mashua haikukufundisha, au ilikufundisha kinyume.

La kwanza ni boriti ya chini ya tanga. Kwenye mashua foromali, ule mti unaobeba tanga, iko juu, na chini tanga liko huru; ukisimama katikati ya chombo kinachoweza kukupiga ni kitambaa na kamba. Yoti ina boriti ya aluminiamu iliyolala chini ya tanga kubwa, urefu wa mita nne au tano, na inapita juu ya pale mnapokaa. Siku imetulia utaiona kama kitu cha kutundikia taulo. Upepo ukihamia upande wa pili ghafla, inafagia. Jifunze kuinama kila unapopanda kutoka chini, hata ukiwa bandarini, mpaka mwili uzoee wenyewe.

La pili linatokana na hilo. Mashua yetu ikitaka kubadili upande, wengi hupindua kwa tezi, yaani kwa nyuma ya chombo: unaupa upepo mgongo, tanga na foromali vinazungushwa mbele ya mlingoti, mnaendelea. Ndiyo njia ya salama kwa tanga letu. Kwenye yoti ni kinyume kabisa. Njia ya salama ni kupitisha omo, yaani mbele ya chombo, kwenye upepo. Tanga kubwa linahama lenyewe, na kazi ya baharia inabaki kwenye tanga la mbele, kulegeza kamba ya upande mmoja na kuivuta ile ya upande wa pili kwa winchi, lile pipa la chuma la kukazia kamba. Kupindua kwa tezi kunafanyika pia, lakini kwa mpango, boriti ikiwa imevutwa kati kwanza na kila mtu ameambiwa. Wewe ukipewa usukani na upepo uko nyuma, mkono wako utataka kufanya kile babu alichokuzoesha. Uzuie. Ukiwa na shaka, sema "nahodha, nataka kugeuza, vipi?" Hakuna atakayekucheka.

Na kwa kuwa nimeitaja winchi: kamba inazungushwa kwa kufuata mishale ya saa, raundi tatu, ndipo unavuta. Mkono unaokaa karibu na pipa uwe na kidole gumba kimelala pamoja na vidole vingine, si kimesimama kama unampa mtu lifti. Usizungushe kamba kiganjani hata siku moja. Tanga la mbele la boti ya futi 42 likishika upepo linavuta kuliko ng'ombe, na halijui kwamba kile ni kidole chako.

La tatu ni maji. Lamu umezoea maji mafu, yale madogo, na bamvua, yale makubwa yenye tofauti ya kama mita tatu kati ya maji kujaa na kupwa. Umezoea kuacha chombo kikae juu ya mchanga, ukakisugua, ukasubiri maji yarudi. Pwani ya Uturuki maji hayajai wala hayapwi kwa kiasi cha kukusaidia. Tofauti hata nusu mita haifiki. Maana yake ukikwama juu ya mwamba saa nne asubuhi, hata saa kumi jioni utakuwa palepale. Hakuna bamvua ya kuja kukunyanyua. Vilevile yoti ina mkuku mrefu, ule uti wa chini wa chombo, wenye uzito wa tani kadhaa unaoshuka mita mbili hivi chini ya maji. Ule uzito ndio unaoizuia isipinduke, kwa hiyo ikilala ubavu usikimbilie kukaa juu ya ubao kama kwenye mashindano ya Lamu, imeumbwa hivyo. Lakini mita mbili hizo zikumbuke kila mnapokaribia nchi kavu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Watu hudhani baharia wa yoti anashinda siku nzima kwenye matanga. Kwa pwani ya Göcek hadi Finike, mwezi wa Septemba, mtapandisha tanga, upepo utakuwa upande mzuri, mtakaa saa mbili tatu mkinywa chai, mtashusha. Asubuhi nyingi hakuna upepo kabisa, mnakwenda kwa injini. Kazi inayowatoa watu jasho, inayogombanisha wanandoa na kuvunja urafiki wa miaka ishirini, ni ile ya dakika kumi na tano za kuegesha. Baharia anapimwa hapo.

Sababu ni umbo la nchi. Milima ile inapanda ghafla karibu kabisa na bahari, na inashuka chini ya maji kwa ukali uleule. Mita thelathini kutoka ufukweni unaweza kuwa na kina cha mita ishirini. Huwezi kutia nanga katikati ya ghuba ukaiacha boti izunguke itakavyo, maana mnyororo hautoshi na nafasi hakuna. Kwa hiyo mnafanya hivi: nanga inatiwa mbali na ufukwe, boti inarudi kinyumenyume kuelekea nchi kavu, kisha kamba mbili zinapelekwa kutoka tezi mpaka kwenye mwamba au nguzo ya chuma. Usiku mnalala omo ikitazama bahari, tezi ikitazama mbuzi.

Nafasi yako, kwa umri na nguvu zako, itakuwa moja kati ya mbili: omo kwenye nanga, au majini na kamba. Nikueleze zote.

Ukiwa omo, nahodha yuko nyuma mita kumi na mbili kutoka kwako, injini inanguruma, upepo unavuma. Hatakusikia, nawe hutamsikia. Kabla hamjaanza, kubalianeni ishara za mkono: shusha, simama, vuta, mnyororo umeisha. Boti ambayo watu wake wanapayukiana imeshindwa kujipanga, na ghuba nzima itakuwa imeacha chakula inawatazama. Mnyororo huwa umepakwa rangi au kufungwa vitambaa kila mita kumi. Muulize nahodha alama zake mapema. Kina kikiwa mita kumi na mbili, toa mita hamsini, angalau mara nne ya kina. Na uutoe kadiri boti inavyorudi nyuma, usiumwage.

Hilo la kumwaga nililipia. Msimu wangu wa pili, kwenye ghuba moja si mbali na mji wa Kaş, nilikuwa na njaa na nilitaka kazi iishe. Nikafungua, mnyororo ukashuka wote kwa mkupuo, ukarundikana juu ya nanga kama wali kwenye sinia. Kamba za nyuma tulifunga vizuri, boti ikatulia, tukala, tukalala. Saa nane za usiku upepo ulishuka kutoka mlimani, wa ghafla, mkavu, wenye harufu ya misonobari. Nanga haikuwa imeshika kitu. Nilichoamshwa nacho si kelele za nahodha. Ni mlio wa jiwe likigonga usukani, chini ya mto wangu. Tulipona kwa kuwasha injini na kukata kamba moja. Usukani ulitengenezwa kwa siku nne, na mwenye boti hakunisemesha siku zote hizo.

Siku hizi mnyororo ukishatoka, naweka unyayo juu yake, taratibu, nahodha akiwa anairudisha boti nyuma kwa injini. Ukiwa unatetemeka na kurukaruka, nanga inaburuta juu ya mawe. Ukikaza, ukanyooka, ukatulia, imeshika. Halafu natafuta vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, tuseme mti na jiwe jeupe nyuma yake, na nikitoka usiku kukojoa naviangalia. Vikiachana, boti imehama. Na wewe una jambo la ziada: vaa miwani ya kuogelea, fuata mnyororo mpaka mwisho, itazame nanga kwa macho. Maji yale ni mangavu, mita kumi na mbili unaona kila kitu. Nahodha yeyote mwenye akili atakupenda kwa hilo kuliko kwa stadi zote za tanga.

Ukiwa mtu wa kamba, ruka ukiwa umevaa viatu vya maji. Mawe pale ni chokaa kali yenye meno, na ufa mmoja kati ya nyufa tano una urchini wa baharini, wale wenye miiba myeusi. Anza na kamba ya upande wa joshi, ndiyo itakayoizuia boti isisukumwe juu ya jirani. Usifunge kwenye mti. Kwenye ghuba za Göcek misonobari imekatwa magome na kamba miaka mingi, ndiyo maana ziliwekwa nguzo.

Jambo la mwisho la nanga, kisha nitakuachia. Mtakutana na gulet, yale majahazi makubwa ya mbao ya Kituruki yanayobeba watalii. Yanatupa mnyororo mrefu sana, na mara nyingi unapita juu ya wa kwenu. Asubuhi mnavuta, inakuja nanga yenu imebeba mnyororo wa mtu. Usishtuke, na usiushike kwa mkono. Inua mpaka mnyororo wa mwenzenu uonekane, pitisha kamba chini yake, zifunge ncha zote mbili kwenye boti yenu ili uzito wake ukae kwenye kamba. Shusha nanga yenu kidogo ijinasue, isogezeni pembeni, kisha achia ncha moja ya kamba. Mnyororo unaanguka, mnapungiana mikono, mnaondoka. Ukifanya hivi mara moja bila kuelekezwa, cheo chako kitabadilika.

Njia yenyewe nitaipitia haraka mahali penye amani na polepole mahali penye maana.

Göcek na ghuba zake ni shule nzuri: maji yametulia, visiwa vimekinga. Kaeni siku mbili, fanyeni mazoezi ya nanga mpaka mchoke. Kule kuna kadi ya bluu, Mavi Kart, inayorekodi maji machafu yaliyonyonywa kutoka kwenye boti; choo hakimwagwi ghubani, na faini ni ya kweli.

Mkitoka Fethiye na kulala Gemiler, kisiwa chenye magofu ya makanisa ya zama za Bizanti, siku inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote. Kutoka hapo hadi Kalkan ni kama maili 30 za baharini, na katikati kuna Yedi Burun, yaani rasi saba, majabali matupu yasiyo na pa kujificha. Upepo wa kiangazi pale unatoka magharibi na kaskazini-magharibi, unalala asubuhi na kuamka mchana. Baada ya saa nane alasiri bahari inagonga miamba, inarudi, inagongana yenyewe kwa yenyewe. Nahodha mzuri atang'oa nanga saa kumi na moja alfajiri. Ukisikia anasema mtaondoka baada ya kifungua kinywa cha starehe, muulize kwa adabu. Dawa ya bahari kulevya unaimeza saa moja kabla, siyo ukishaanza kumeza mate. Usijidai kwamba mtu wa Lamu halevywi. Mawimbi yetu ndani ya mwamba wa matumbawe ni mtoto wa yale.

Baada ya rasi mtaiona Patara upande wa kushoto: mchanga mtupu, zaidi ya kilomita kumi. Ilikuwa bandari kubwa ya Walikia, wenyeji wa kale wa pwani ile, na wawakilishi wa miji yao walikuwa na jengo la baraza pale. Mchanga ukaifunga bandari, mji ukafa. Leo kasa wanataga mayai juu yake. Hapana pa kutia nanga, kwa hiyo mtapita.

Kaş ndipo penye hadithi ninayotaka uishike. Mkitoka pale kwenda mashariki mtapita rasi iitwayo Uluburun. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo, Mehmet Çakır, alieleza kwamba ameona chini "biskuti za chuma zenye masikio". Zilikuwa vipande vya shaba, kama tani kumi, shehena ya meli iliyozama karne ya 14 kabla ya Kristo, kwenye kina cha mita 40 hadi 60. Watafiti walizamia kuanzia 1984 hadi 1994, zaidi ya mara 22,000, kwanza chini ya George Bass, kisha Cemal Pulak. Walitoa shaba, bati, vipande vya kioo cha rangi ya samawati, mayai ya mbuni, meno ya kiboko, pembe ya ndovu. Na walitoa magogo ya mti mweusi. Mti huo kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon. Sisi tunauita mpingo.

Sikwambii kwamba ulikatwa Tanga. Mpingo unaota mpaka Sudan na Ethiopia, na inaelekea ulipitia Misri. Lakini mara ya kwanza nilipopita pale nikiwa nimeshika usukani, mtoto wa fundi seremala, nikijua kwamba chini yangu palilala magogo ya mpingo kwa miaka zaidi ya 3,300, nilinyamaza mpaka tulipofika Kekova. Magogo yenyewe yako kwenye jumba la makumbusho ya chini ya maji huko Bodrum, mbali na njia yenu, lakini kama una siku mbili za ziada mwisho wa safari, panda basi.

Kekova mtalala angalau usiku mmoja, nami ningeomba miwili. Matetemeko ya ardhi yaliishusha pwani ile, sehemu ya mji ikaingia majini. Utaona ngazi zinashuka kutoka kwenye mwamba na kupotelea chini. Juu ya magofu hayo kutia nanga ni marufuku, na kuogelea pia. Pita polepole, tazama, endelea. Laleni Üçağız, sakafu ni tope zuri linaloshika nanga kama gundi. Kutoka hapo chukueni kidau cha mpira mpaka Kaleköy, kijiji kilicho chini ya ngome. Ndani ya maji, mbele ya nyumba, limesimama kaburi la jiwe la Walikia, peke yake. Kifuniko chake kimepinda juu kama mashua iliyogeuzwa ifanyiwe kalafati, mkuku ukiangalia mbinguni. Kuna mengi ya namna hiyo juu ya kilima. Wasomi wana maelezo yao kuhusu umbo hilo. Mimi naona mashua.

Baada ya hapo ni Demre, ambako zamani ilikuwa Myra na bandari yake Andriake. Ni hapo ambapo Paulo, akiwa mfungwa, alipakiwa meli ya Aleksandria iliyokuwa ikienda Italia, ile iliyoishia kuvunjika Malta. Soma Matendo sura ya 27 hata kama si kitabu chako cha ibada. Ni simulizi ya baharia kabisa, wanatupa nanga nne za tezi usiku wakingoja kuche. Finike ni marina tu, safi, yenye machungwa.

Jihadhari na jambo moja la majira. Septemba inapoelekea mwisho, mara mojamoja unakuja upepo wa kusini, wenyewe wanauita lodos. Ghuba nyingi mlizolala kwa raha zimekingwa na magharibi na kaskazini, lakini kusini ziko wazi kama mlango. Ukiona mawimbi marefu yanaingia bila upepo, jua nini kinafuata, na mhimize nahodha aangalie utabiri.

Kuhusu Meis, hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Kile kisiwa, Kastellorizo kwa jina lake jingine, kiko kilomita chache tu mbele ya Kaş, unaona madirisha ya nyumba. Lakini ni Ugiriki. Boti inapaswa kutoka rasmi Uturuki na kuingia rasmi Ugiriki, na wewe unahitaji viza ya Schengen. Ukaazi wa Oman haukusaidii. Tena ukishatoka Uturuki, kurudi kunahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye boti ana pasipoti ya Ujerumani, kwake ni safari ya chakula cha mchana. Pengine hajawahi kulifikiria. Mwambie sasa, kwa simu, siyo mkiwa Kaş. Na akija mtu na wazo la "tuvuke tu, nani atatuona", kataa. Wanaoshikwa huwa ni wenye pasipoti kama zetu.

Karatasi za Uturuki: viza angalia kwenye tovuti rasmi ya serikali yao au ubalozi wao pale Muscat. Jina lako lazima liandikwe kwenye hati ya safari ya boti, ile wanayoiita transitlog, kabla hujaanza kulala ndani. Kuchanga chakula na mafuta ni sawa. Akianza kukulipa mshahara imekuwa kazi, na kazi inataka kibali. Kama alikuahidi "kitu kidogo" mwisho wa safari, mueleze hivyohivyo.

Muulize pia maswali matatu, bila haya. Bima ya boti inawahusu mabaharia? Kuna jaketi la kujiokolea la kila mtu, lenye ukubwa wake, na mkanda wa kujifunga usiku? Na yeye mwenyewe akianguka majini, nani mwingine anaweza kuirudisha boti kumchukua? Hilo la tatu ndilo litakalokuonyesha ni nahodha wa aina gani. Akicheka, fikiri tena. Akinyamaza kidogo kisha akasema "tutafanya mazoezi siku ya kwanza", umepata mtu.

Mambo ya ndani ni machache. Choo kinapampuliwa kwa mkono na karatasi haiingii humo, kuna kindoo. Maji matamu ni lita mia tatu na kitu kwa watu watano, oga baharini, suuza kwa kikombe. Gesi ifungwe kila baada ya kupika. Wewe ni mtu wa hoteli, watataka upike kila siku. Pika siku mbili za mwanzo uwafurahishe, halafu dai zamu. Nimeona mabaharia wakienda pwani ile kujifunza kusafiri wakarudi wanajua jiko tu.

Muscat kuna vituo vya kufundisha matanga. Ukipata hata wikiendi moja kabla ya Septemba, nenda ukashike winchi na uone boriti inavyohama.

Mizigo: begi laini, siyo sanduku la magurudumu, maana halina pa kukaa. Viatu viwili, vya soli nyeupe vya juu ya boti na vile vya majini. Kofia yenye kamba. Taa ya kichwani. Glovu za kamba, kwa wiki ya kwanza, mpaka viganja vikumbuke. Koti la upepo, kwa ajili ya ile alfajiri ya Yedi Burun. Miwani ya kuogelea nimeshasema.

Na vikoi beba viwili. Siku ya kwanza watakutazama, siku ya tatu Mjerumani wako atakuwa anauliza vinauzwa wapi. Kimoja cha kuvaa, kingine ukitandike juu ya hema la jua la tezi saa za mchana. Funga fundo vizuri, ukiruka na kamba kisikutoke mbele ya ghuba nzima.